Mbwa Aliyeshukuriwa

Mtaa wa Badjanani,
Moroni, Ngazija.
9 Februari 1984

Mpendwa kaka yangu Moindjié,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Roukaya na watoto, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Kama bado, acha ukaidi wako uende ukakandwe. Sisi huku tu wazima wa mwili. Housna anakua, viatu vya Idi vimeshambana, na meno ya mbele yamemwota makubwa hata ukimwona utacheka.

Barua hii anakuja nayo Maanrifa, jirani yangu, anayesafiri Unguja kwa arusi ya mpwawe. Sikuitia posta. Tangu walipokuja wale askari wa kizungu wa kukodiwa mwaka wa sabini na nane, hapa mtu hugeuka nyuma kwanza kabla hajalalamika kuwa mchele umepanda.

Uliniomba nikutumie mchezo wa Mbuzi na Mbwa ili wanafunzi wako waucheze skuli. Nimeufasiri kwa Kiswahili na kuufunga pamoja na barua hii. Lakini Mjomba Oumouri naye ameahidi kukuletea wa kwake, kwa hiyo ni lazima ujue upi ni upi.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akiisimulia hadithi ile uani kwetu Malindi hapo Unguja, baada ya magharibi? Mbuzi anaogopa wezi, anamkodi mbwa kutoka ng'ambo, malipo yake maziwa. Mbwa anaufunga mlango kwa kamba ili wa nje wasiingie, na haupiti muda, wale wa ndani ndio wanaoomba ruhusa ya kutoka kwenda malishoni. Maziwa yote ni yake, wana wa mbuzi wanabaki mbavu tupu. Mpaka yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa akikemewa kila siku kwa kutafuna asichopewa, anaitafuna kamba yote. Hapo Bibi alikuwa akiuliza, "Kamba iko wapi?" Nasi tunajipiga matumbo: "Imo tumboni!" Wewe ulikuwa ukijipiga mpaka unakohoa.

Nimeigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo wa vijana wa mtaa, nikaiandika kwa lugha ya hapa, nikawatilia nyimbo. Wallahi sikuwa na nia ya kumsema mtu. Nilitaka tu watoto wapate kitu cha Bibi, maana kwenye skuli zetu wanafundishwa hadithi za mbweha na theluji, na hawajaona mbweha wala theluji. Mambo yaliharibika siku Zaïdou, kijana mrefu anayecheza Mbwa, alipokuja mazoezini na mabuti meusi kama ya wale wazungu. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Niliwaambia ayavue. Kicheko chenyewe kilikuwa kimeshatoka mlangoni na kwenda zake.

Mjomba alikuja kesho yake. Unajua hadhi yake: ameshafanya arusi kubwa, ile ya ada inayompa mtu cheo, ni mzee wa mtaa, na uwanja wa kuchezea hautolewi bila wazee kama yeye kukubali. Tena mwanawe Mouhidine ameandikishwa askari chini ya wazungu hao hao. Alitazama mchezo mpaka mwisho, akapangusa miwani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu mbwa amekosa nini? Si amelinda?" Nilimjibu kwamba hivyo ndivyo alivyosimulia Bibi, mama yake mzazi. Akasema vyema, akaenda zake. Mimi nikaona yamekwisha.

Kumbe niko kazini nasomesha, yeye anawakusanya vijana nyumbani kwake, anawalisha pilau na kuwafundisha mwisho mwingine. Hapana aliyeniambia, hata Housna wangu, aliyekuwa akicheza yule mwana wa mbuzi mdogo. Mjomba aliwaapisha kwamba ni zawadi ya kunishangaza.

Siku ya mchezo uwanja ulijaa akina mama na watoto. Mstari wa mbele, kama ada, ni wa waliokwisha kufanya arusi kubwa. Wapo wanaume wa mtaa huu wenye wajukuu ambao mpaka leo wanakaa nyuma, hawathubutu kuusogelea. Mjomba alisimama, akamtoa mzungu mmoja wa sare nyeusi katikati ya watu, akampa kiti chake. Kiti alichokisaka nusu ya umri wake, kaka, kwa ng'ombe na dhahabu, alimpa mtu ambaye jina lake hatulijui.

Nikiwa kando ya jukwaa, nilimwona mwanangu anaifikia kamba. Hakuitafuna. Alitoa utepe mwekundu, akamfunga Mbwa shingoni, na wana wa mbuzi wote wakaimba ahsante, ahsante mlinzi wetu. Msimuliaji akauliza, "Kamba iko wapi?" Jukwaani wakajibu, "Ipo mlangoni!" Wale akina mama, huku nako wamekua na jibu lile lile la Bibi. Mikono ya wengine ilikuwa imeshainuka kupiga matumbo, wakairudisha mapajani. Mjomba akaanza kupiga makofi, na makofi yakaenea.

Mtoto wa dada hamkosoi mjomba wake mbele za watu, hilo unalijua. Nilipiga makofi na mimi. Mikono hii hii.

Nikasema dawa ya Mjomba ni dada yake. Nikapanda ndege ndogo na Housna hadi Ouani, kisiwa cha Nzwani, tukafika Mutsamudu kwa Mama, ambaye Housna humwita Koko. Nilimweleza yote, nikamwomba amwambie ndugu yake airudishe hadithi ya mama yao ilivyokuwa. Mama aliniambia nipumzike kwanza na safari. Jioni watoto wa jirani walijaa barazani kama kawaida yao, wakaomba hadithi, naye akawasimulia hiyo hiyo. Nilifurahi, nikadhani ndilo jibu langu. Sauti ilikuwa ya Bibi hasa. Alipofika mahali pake akauliza, "Kamba iko wapi?" Kabla hatujafungua kinywa akajijibu mwenyewe, "Ipo mlangoni, wanangu. Ipo salama."

Nilimfuata jikoni nikilia. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua uso. Aliniambia, "Nimezaliwa tumbo moja na Oumouri. Sikuzaliwa na hadithi." Halafu akaniuliza kama nitakula wali au muhogo.

Nina hasira naye, Moindjié, na naona haya kuwa nina hasira na mama yangu. Nina hasira zaidi na hao akina mama wa uwanjani, na mikono yao, na yangu. Mzungu yule sina la kumwambia. Alicheka alipofungwa Mbwa utepe, akaondoka kabla ya sharubati.

Kinachonikosesha raha ni Housna. Tangu siku ile anashangiliwa njiani, na kila akicheza na wenzake uani ni utepe na ahsante. Juzi nilimsimulia ya Bibi mwanzo hadi mwisho. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Umekosea, Mama. Hata Koko wa Mutsamudu anasema ipo mlangoni."

Basi umebaki wewe. Ukiletewa ule wa Mjomba, washia jiko. Siku mtakayocheza, waulize watoto wa huko kamba iko wapi, na watakachojibu uniandikie, hata kama barua nzima haina neno jingine. Nataka kumsomea Housna, asikie kwamba si mama yake peke yake.

Nisalimie Roukaya, na mdogo wetu Combo akipita hapo kwako, na majirani wa Malindi wanaotukumbuka. Mama anakusalimu sana. Mjomba hakunituma salamu, na angenituma zingebaki hapa Badjanani.

Mungu awalinde, Yeye asiyelinda kwa kukodiwa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rahamatou