Mapovu kwenye Kipimo cha Chumvi

Mpwa wangu mpenzi,

Bila mimi hoteli hii ingeshafungwa. Wageni wanakuja kunitazama mimi, samaki ni nyongeza tu.

Huku wazima, ila nilidhalilishwa. Meneja alileta fundi mpya wa tangi la samaki wa baharini, akaninyang'anya ufunguo wa tangi hilo mbele ya wapishi. "Mzee, wewe kafagie," fundi akanicheka. Nikafagia, jicho kwake. Kipimo chake cha chumvi hujazwa maji ya tangi na kina mshale ndani, naye hakukigonga kutoa mapovu yaliyoung'ang'ania. Mapovu yakauinua mshale, akadhani chumvi imezidi, akawa anaongeza maji ya bomba kila siku ili kuipunguza. Nilijua, nikafunga mdomo. Raha niliyoipata, we acha!

Siku ya tatu samaki wakaanza kulala ubavu, meneja akaniita mbio. Nikakigonga kipimo kwa kidole kimoja, mapovu yakatoka, mshale ukaporomoka. Nikamkabidhi ufagio: "Haya bwana, zamu yako."

Ila mpwa wangu, hili nakwambia wewe tu. Wale samaki wako ulioniachia niwatunze hawakuliwa na paka. Niliwaua mimi, kwa mapovu hayohayo. Paka wa watu ulimfukuza bure.

Mjomba wako,
Bingwa wa Maji Chumvi