Mlango wa Kushoto wa Gari la Muhidin Mgonja

Mwaka umetimia, Baba yetu Muhidin Omari Mgonja, tangu asubuhi ile ulipotutoka hapa Same, chai yako haijapoa na gari lako halijaisha.

Mchana kutwa ulinyoosha bodi za magari ya watu, jioni ukageukia la kwako: chasisi ya pikapu iliyokufa, injini ya kuokoteza, na bodi uliyoisuka mwenyewe kwa nyuzi za faiba na gundi, tabaka juu ya tabaka. Boneti ndefu, paa hakuna, limeinama mbele. Watu wa stendi wakaliita Panzi, nawe ukacheka nao. Faiba ilipokuishia ukaenda kuomba katani kwenye mashamba ya mkonge, ukaipaka gundi kabla haijakauka vizuri. Loo! Bodi ikatoka malengelenge kama mkono ulioungua uji. Uliibandua yote, ukaanza upya huku unaimba.

Rangi zilizobaki kwenye makopo hukuzimwaga. Ulipaka nazo milango ya majirani bure, ndiyo maana mtaa wetu una milango ya rangi za magari. Kila tukipita tunakuona, Baba, na inauma.

Ulipoondoka, gari lilibaki gereji, ubavu mmoja umekamilika, mwingine mapengo matupu, hata mlango hauna. Mdogo wako Rashidi hakutaka kuliona. "Shemeji," akamwambia mkeo Mwanahalima, "tulikate tu, liende na vyuma chakavu. Kila nikilipita roho inanikatika."

"Niachie mpaka hitma ya mwaka," Mama akamjibu. "Siku hiyo kama halijapigwa lote praima, ile rangi ya msingi ya kijivu, njoo na msumeno."

Rashidi akakubali upesi. Alijua Mama hajawahi kushika hata brashi.

Tena Mama alikuwa kwenye eda, hatoki nje. Basi gari likamfuata yeye: tulilivuta kwa trekta mpaka uani. Maneno yakaanza mtaani. Jamani, mjane wa eda anapiga msasa? Shangazi Fadhila, unamjua dada yako, akawatokea getini. "Eda inakataza kujipamba," akawaambia. "Haya, nielezeni, vumbi la msasa ni pambo gani hilo?" Wakaondoka mmoja mmoja.

Mama alijifunza kwa kuharibu. Mara ya kwanza alizidisha hadna, ile dawa ya kugandisha, na kwa jua la hapa gundi ikagandia ndooni pamoja na kijiti chake. Akapunguza. Alipofika kwenye praima, upepo ukaimwagia vumbi ingali mbichi. Akakwangua, akajua kwamba uwanja humwagiwa maji kwanza, na praima hupulizwa alfajiri kabla upepo haujaanza vituko. Binti yako Nasrin akimsihi apumzike, jibu lilikuwa moja: "Nitapumzika nikimaliza." Akishika msasa halii. Alilia akishanawa mikono, na sisi tukalia naye.

Wiki hii ya hitma gari lote likawa la kijivu. Rashidi akaja na kanzu yake safi, akalizunguka, akatikisa kichwa. "Shemeji, nimeshindwa mimi. Umeweza."

Mama alikuwa ameweka kiganja kwenye mlango wa kushoto, ule aliousuka yeye mwenyewe tangu mwanzo. Palikuwa na bonde dogo pale, la kuhisiwa na vidole tu. Akachukua msasa, akaanza kuikwangua praima.

"Unafanya nini? Hitma keshokutwa! Hilo wala halionekani."

"Mimi nimeliona."

"Ukiikwangua hiyo, gari halijaisha. Si tulikubaliana?"

"Basi kalete msumeno," Mama akasema, wala hakugeuka.

Rashidi alisimama. Tulidhani ataondoka kwa hasira, maana nawe unamjua. Kisha akapandisha mikono ya kanzu mpaka viwikoni, akaokota kipande cha msasa, akapiga magoti, akaanza upande wa pili wa bonde.

Leo tunakusomea hitma nyumbani. Mlango wa kushoto ni faiba tupu, gari halijaisha, na msumeno haujaletwa.

Unakumbukwa na mkeo Mwanahalima. Wanao Nasrin na Ibrahimu. Dada yako Fadhila. Mdogo wako Rashidi, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Na ukoo wote wa Mgonja wa Same, Ndungu na Myamba.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau kamwe, Baba, na kazi yako hatutailipua.