Nyuma ya kwa Bi Koulsoum

Antanimasaja, Mahajanga
4 Machi 1979

Mwanangu Allaoui,

Salamu zikufikie huko Nosy Be, wewe na mkeo Saïda. Mimi mzima, ila roho inaniwaka. Saïda ana mimba, na mimi, bibi wa mtoto, nimeambiwa bombani! Nimeshika ndoo, jirani yangu Koulsoum ananipa hongera mbele ya wanawake wote. Nikajifanya najua. Jioni ndiyo akaniletea barua yako, imeshafunguliwa, pamoja na sahani ya vitumbua. Eti mleta barua alimpa yeye, naye hakutazama jina. Jina hakuliona, mimba kaiona!

Nieleze.

Mama yako

Hell-Ville, Nosy Be
20 Machi 1979

Mama yangu mpenzi,

Kwezi, Mama, naibusu mikono yako. Sisi wazima, isipokuwa Saïda siku hizi hataki hata harufu ya samaki.

Usikasirike. Nyumba za mtaa wetu hazina namba, na mleta barua anamjua Bi Koulsoum tu, kwa sababu mlango wake uko barabarani. Ndiyo maana juu ya bahasha mimi huandika: nyuma ya kwa Bi Koulsoum. Akiliona jina hilo, anamwachia yeye.

Lakini mbona Bi Koulsoum ameshaniandikia? Kasema Saïda asibebe maji, na kauliza mtoto tutamwitaje. Nilidhani umemtuma wewe, nikamjibu vizuri.

Mwanao Allaoui

Antanimasaja
9 Aprili 1979

Mwanangu,

Sijambo, nanyi natumaini hamjambo.

Nimtume Koulsoum? Mkono wangu umekatika? Herufi alizosoma yeye chuoni na mimi nilizisoma. Nilikuzaa mimi; yeye alikuja kula pilau tu. Usimwandikie tena! Barua zangu mpe Ibouroi, dereva wa lori, akivuka kwa feri ya Antsahampano kuja huku, aje aniwekee mkononi. Mjukuu wangu akizaliwa, nataka nijue mimi kabla ya mtu yeyote mtaani.

Mama yako

Hell-Ville
11 Septemba 1979

Mama,

Kwezi. Ibouroi ananipigia honi, naandika wima. Mtoto wa kiume, amezaliwa leo alfajiri, yeye na mama yake wazima. Tumemwita Daoudou, jina la marehemu baba. Bi Koulsoum ameniandikia tena na tena. Sijamjibu, kama ulivyotaka. Wewe ndiye wa kwanza.

Mwanao Allaoui

Antanimasaja
16 Septemba 1979

Baba Daoudou, mwanangu,

Alhamdulillahi! Nimelia, nimecheka, nimeibusu karatasi. Kisha nikajifunga leso mpya, nikaenda kwa Koulsoum kumkomesha.

Nikamkuta ameketi mlangoni, anamngoja mleta barua. Mleta barua akapita, hakusimama. Unajua Youssoufa wake alipanda meli wenzetu walipokimbia ghasia za hapa kwenda Komoro. Tangu siku hiyo hajamwandikia mama yake hata neno. Koulsoum akaniuliza, “Allaoui hajambo? Naona siku hizi haandiki.”

Barua yako ilikuwa kifuani mwangu. Nikaifunika kwa leso. Nikasema, “Hajambo, kazi nyingi tu.”

Bado namwonea wivu, nisikudanganye. Hata hivyo mwandikie, umpe habari za Daoudou. Tuma kwa posta, na juu ya bahasha weka jina lake peke yake. Mimi sijamwambia mtu. Nitakwenda bombani na ndoo yangu, anipe hongera mbele ya wanawake wote, nami nitashangaa.

Lakini yake iwe fupi kuliko yangu.

Mama yako