Nafasi ya Besi

4 Machi

Shikamoo kaka,

Habari za nyumbani? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua. Shuka za hoteli haziishi. Nikimaliza kupiga pasi rundo hili, wanaleta jingine.

Nimeona umenitoa kwenye kundi letu la muziki la simuni. Kaka, sikuanza mimi. Watu walikuwa wanasifia gitaa la ule wimbo wa kwaya, mwalimu mstaafu akaingilia kwamba waliobadili dini kama mimi wamepotea. Nikamjibu, tena kwa adabu. Ukatutoa wote wawili.

Huku ugenini sina hata jirani wa kunigongea mlango. Kundi lile ndiyo sebule yangu. Nirudishe.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri. Huo mgongo usiufanyie mchezo, mwone daktari.

Sheria tuliitunga sote wawili baada ya msiba wa baba, baba wadogo walipogombana kwa ajili ya dini pale pale makaburini, na mpaka leo hawasalimiani. Wewe ndiye uliyesema kundini iwe nyuzi za gitaa tu, dini ibaki nje. Nikikuacha, watasema nambeba ndugu yangu. Kaa nje mwezi mmoja. Mwalimu naye kaninunia, hata gitaa lake nililomtengenezea hajalifuata hapa karakana.

Ijumaa nitarekodi gitaa langu na kulituma kundini kama kawaida, nikuachie nafasi ya besi. Utaijaza ukirudi.

Kaka yako

12 Machi

Shikamoo kaka,

Nimekuelewa. Ila sheria ile ni ya kundi, na wewe umeihamishia mpaka kwenye mazungumzo yetu wawili. Tangu nibadili dini unaniuliza mgongo, kazi, mvua. Hujawahi kuniuliza nasali wapi. Sikukuu yangu ya mwaka jana niliila peke yangu chumbani. Ukanitumia wimbo, nikapiga besi, ukanimwagia sifa. Nilichokuwa nataka ni salamu ya sikukuu.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekurudisha kundini, mbona kimya? Nikipiga simu inaita mpaka inakatika.

Kaka yako

2 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Shemeji yako anakuulizia kila akitenga chakula.

Ijumaa iliyopita uzalendo ulinishinda, nikaijaza mimi mwenyewe nafasi yako ya besi. Kundi zima likashangilia kwamba umerudi. Nilishindwa kuwaambia kuwa si wewe. Nilizima simu nikakaa karakana na magitaa ya watu, nikaumia sana.

Sikukuuliza kwa sababu niliogopa tukianza mambo ya dini tutaishia kama baba wadogo, nikukose. Na sasa nimekukosa vile vile.

Hapa hatuko kundini. Niambie unasali wapi, na unakaa karibu na nani. Niambie na saa zenyewe za sala, maana huenda ndizo ninazokupigia.

Kaka yako