Theluji Yako ya Naro Moru

Mwalimu wangu Gachanja,

Theluji yako bado iko ukutani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya mvua, kabla hata ya kutaka kujua nani anakalia kiti chako. Nakikalia mimi. Kinalia vilevile kila nikiinama.

Tulipotoka kukuzika, kwa wiki kadhaa sikuweza kuwasha ile meza ya taa tuliyosomea picha. Halafu mkeo, Mama Muthoni, akaja hapa ofisini Nyeri kuchukua koti lako, lakini lenzi yako ya kukuzia picha akaniachia. "Hii itafanya nini kwa kabati yangu? Kaa nayo." Nililia mbele yake bila haya. Kisha tukaiangalia vizuri, tukaona ina alama ya kidole chako chenye mafuta ya chapati, na tukacheka mpaka karani akaja kuchungulia.

Kicheko hakikudumu. Mkubwa wa ofisi aliniita akaniambia mafunzo yako ya kusoma picha za setilaiti yatahamishiwa Nairobi, kwa kuwa mwenyewe umeondoka na mimi ni mchoraji wa ramani tu. Mwalimu, niliumia. Miaka yote ile uliyohangaika ili afisa wa kilimo wa huku kwetu ajue kusoma picha ya shamba lake mwenyewe! Nikamwomba aniachie kundi moja la kufundisha, moja tu. Akakubali, ila akasema atakaa darasani aone.

Walikuja maafisa wanane. Yule wa Kianyaga alipoona picha ya kwao akashika kichwa: "Woi! Chai yetu yote imeungua?" Nikamweleza kama ulivyonieleza mimi, kwamba picha hizi huonyesha majani mabichi kwa rangi nyekundu, na wekundu ule ni chai yenye afya. Alipumua kwa nguvu hata karatasi zikapeperuka. Nilikukumbuka sana hapo, maana ungemtania wiki nzima.

Siku ya tatu nikaweka picha ya kiangazi ya Laikipia. Kote kumepauka, ila karibu na Doldol pana doa moja jekundu, kubwa. Mkubwa alikuwa nyuma yangu na mimi nikataka aone kwamba najua. Nikalizungushia penseli, nikasema hapa pana malisho, tuandike wafugaji wapeleke ng'ombe hapa. Wote wakachora. Wote isipokuwa Parsaloi, afisa wa mifugo kutoka Doldol, kijana asiye na maneno mengi. Penseli yake ilikuwa mezani.

Ndipo nikakumbuka ziwa langu. Unakumbuka? Niliona doa jeusi juu ya Kianyaga nikatangaza ziwa jipya, nawe ukaniuliza swali lako lile lile, "Wangechi, umefika huko?" Tukaenda. Tulikanyaga matope asubuhi nzima katikati ya mibuni, mpaka mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa akatuuliza tunatafuta nini. "Ati ziwa? Hapa maji iko kwa mtungi tu." Kilikuwa kivuli cha wingu. Hukunigombeza. Ulinipa penseli nyekundu, ukanifanya niandike "Ziwa la Wangechi" juu ya picha na kuitundika chini ya ile yako, ambamo ulidhani wingu ni theluji, ukaishusha kutoka kileleni mwa mlima hadi Naro Moru. Wapagazi wa mlimani walikuuliza mwaka mzima kama ng'ombe wao wanunuliwe sweta.

Basi nikamwuliza Parsaloi anaona nini. Akasimama. "Pole, Mwalimu, lakini hiyo si nyasi. Ni kichaka. Mizizi yake iko chini sana, inakaa kijani hata kiangazi. Ng'ombe yetu haigusi."

Ningeweza kubisha, penseli ilikuwa mkononi mwangu na mkubwa alikuwa ananitazama mimi. Nikasema, "Kesho twende."

Tukaenda, na mkubwa akiwa kiti cha mbele. Kilikuwa kichaka, Mwalimu. Kichaka kitupu, kijani kibichi, bila kwato hata moja chini yake. Kama ramani ile ingetoka, watu wangeswaga ng'ombe waliokonda mwendo wa siku mbili kuja kutazama miiba. Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini nikamwomba Parsaloi atufundishe hapo hapo, akatandaza picha mbili juu ya boneti ya Land Rover, ya masika na ya kiangazi. Nyasi, akasema, huwa nyekundu mvua ikinyesha, kisha hufifia, kichaka hakibadiliki. Usitazame picha moja, tazama mbili. Ungempenda! Mkubwa alivua kofia, akaomba kalamu, akaandika.

Tuliporudi niliandika "Malisho ya Wangechi" kwa herufi kubwa juu ya picha ile nikaitundika. Nilidhani watanicheka. Walicheka kweli, halafu wakapanga foleni na picha zao mkononi. Wa Kianyaga akaandika "Chai Inayoungua." Mwingine alikuwa ameita mashamba ya ngano msitu, akatundika na yeye. Mkubwa alisimama akausoma ukuta wote kuanzia kwako hadi chini, polepole, kisha akasema mafunzo yatabaki Nyeri, ila nitafute ukuta mwingine kwa sababu huu umejaa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka sana kukusimulia, ndiyo maana naandika.

Kundi jipya linaanza Jumatatu. Parsaloi atarudi kufundisha siku ya pili, na lenzi yako ataitumia yeye. Ile alama ya chapati sijaifuta, nimepangusa tu pembeni yake kidogo ili aone. Leo asubuhi wingu limeshuka kutoka mlimani hadi Naro Moru, jeupe kabisa, na karani ameniita dirishani: "Njoo uone theluji ya Mzee!"

Pumzika sasa, Mwalimu, kazi inaendelea. Nami nakuahidi hivi: kila kundi litakaloingia humu, wa kwanza kutundika kosa lake nitakuwa mimi.

Mwanafunzi wako,
Wangechi