Majibu ya Watani wa Naipingo

Jumatatu, 9 Juni

Kliniki imeisha saa tisa. Macho mekundu tupu. Ndio msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na hakuna anayevaa miwani. Nimewafokea wote. Wakanishukuru, wakaondoka, kesho watapuliza tena.

Jioni nimemaliza slaidi. Wiki ijayo madaktari wa macho wa mkoa tunakutana Ruangwa, kila mtu aje na alichokigundua kwake. Zamani tulikuwa tukisomeana tafiti za Ulaya, tunapiga makofi, tunakula pilau, tunatawanyika. Safari hii ni mambo ya kwetu. Utafiti wangu ndio mzito kuliko yote, nasema ukweli: kwa nini wazee wa Nachingwea wenye mtoto wa jicho hawaji kambi ya upasuaji, na upasuaji wenyewe ni bure?

Mwaka jana benchi lilikuwa wazi. Mabingwa wageni walishinda wanachezea simu. Wamesema tusipokuwa na maelezo ya maana, kambi wanaihamishia mkoa mwingine. Mimi maelezo ninayo.

Jumatano, 11 Juni

Nimemtumia Issa slaidi, nikitegemea pongezi. Issa ndiye daktari wa macho wa Ruangwa. Yeye Mmwera, mimi Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu, na hajawahi kuongea na mimi kama mtu mzima. Kajibu kwa vikatuni vya kucheka, mstari mzima. Kisha: "Mngoni, umetaniwa. Hao wazee walikuwa wanakutania."

Wivu tu. Yeye hana hata slaidi moja.

Wazee wengi wameniambia jambo lile lile: hawataki kuona tena. Mzee Athumani wa Naipingo, asiyeona macho yote mawili, alisema akipona atarudishwa shamba kuokota korosho. Halafu mkewe, Bi. Zuhura, kichwani mwa mzee bado ni msichana. Kwa nini tumharibie? Nilitokwa machozi nikiandika. Nimemweka slaidi ya tano, na picha yake. Kichwa cha utafiti: Faraja ya Kutoona.

Alhamisi, 12 Juni

Sijatulia.

Nimekumbuka kwamba kila kijiji nilianza kwa utani mimi mwenyewe. Nilijiona mjanja. "Mtani wenu Mngoni nimefika, ficheni mbuzi!" Wakacheka, wakaniletea kiti na mihogo ya kuchemsha. Ndipo nikatoa dodoso, nikidhani utani umeishia kwenye mihogo.

Kule Mtua mama mmoja alisema haji hospitali mpaka Wangoni warudishe ng'ombe wa babu yake. Huo nilijua ni utani, nikaufuta. Mengine niliyaacha. Yalikuwa matamu mno.

Lakini Issa naye ni mtani. Mtani akikuambia umetaniwa, utajuaje kama hakutanii?

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Naipingo kwa bodaboda. Nikamuuliza Mzee Athumani kwa heshima zote: yale maneno yalikuwa ya kweli?

Kakunja uso kama shehe anayetoa fatwa. Kweli tupu, mwanangu. Akaongeza kwamba kipofu hawaoni wakwe wakija kuomba sukari, na hiyo nayo ni neema. Bi. Zuhura akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Nikamwonea huruma. Nikamsogelea, nikamshika bega, nikamwambia alie tu asione haya.

Alikuwa anacheka.

Nimerudi na vumbi mpaka masikioni. Aibu. Hasira. Mkutano Jumanne, na utafiti wangu wote ni kichekesho. Nikiusoma, mabingwa watasema basi, hawa wazee hawataki, twendeni zetu. Na kambi itaondoka.

Jumapili, 15 Juni

Nimempigia Issa. Nimesema tafadhali. Kaniambia nirudie, mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima kabisa.

Kaja na pikipiki yake. Kabla ya salamu kakamata jogoo wangu uani, kamfunga miguu. Mtani haombi, anachukua.

Kule Naipingo nimefukuzwa barazani, nikamenye mihogo na Bi. Zuhura. Issa na mzee wakaongea Kimwera. Kwanza walicheka, na jina langu nililisikia. Baadaye sauti zikashuka.

Issa alirudi hacheki. Kambi, kasema, huja Oktoba, korosho zinaanguka. Mgonjwa anahitaji wa kumshika mkono, kulala naye wodini, kumrudisha kukaguliwa. Wa Mzee Athumani ni Bi. Zuhura tu, na ndiye mwokotaji pekee. Akiondoka, korosho zinaibwa au zinanyeshewa, na wajukuu wanakosa chakula cha mwaka. Mzee amechagua kutoona.

Nikauliza kwa nini mzee hakuniambia mimi. Issa kasema shida yako ukimweleza mtani kavukavu, unaonekana unaomba. Kutania ni rahisi.

Kisha kasema Mandawa, kwake Ruangwa, nako ni hivyo hivyo, anayasikia miaka yote.

Miaka yote! Na hajaandika, hajamwambia mtu! Nimemfokea mbele ya kuku na watoto. Kajibu kwa upole: hakuna aliyeniuliza. Mimi nina slaidi zisizo na ukweli, yeye ana ukweli usio na slaidi, na kati yetu ni mwendo wa pikipiki tu.

Jumanne, 17 Juni

Nimesimama, nikawaambia wenzangu kwamba wazee wa Naipingo wamenitania kisayansi. Nikaonyesha slaidi ya tano. Mwenyekiti kacheka mpaka kavua miwani.

Kisha Issa kasimama bila karatasi, kaeleza. Daktari wa pwani kasema kwake hivyo hivyo. Na mwingine. Wenzangu walikuwa wanajua, kila mtu na chake mfukoni.

Mabingwa wamekubali kambi ihamie Agosti: ufuta umeshauzwa, korosho bado ni maua. Mara moja tu, kwa majaribio. Benchi likiwa wazi, hawarudi.

Issa kasema jogoo alikuwa mgumu. Mshenzi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mabenchi hayakutosha. Watu wamekaa kwenye mikeka mpaka chini ya dirisha la famasi.

Asubuhi nimembandua Mzee Athumani bandeji ya jicho la kulia. Nikamuuliza anaona nini. Kanitazama usoni.

"Giza, Mngoni. Giza tupu."

Nikawasha tochi nimchungulie jicho.

Akainuka. Akaikwepa ndoo ya maji, akaikwepa fimbo ya jirani yake, akatoka mlangoni bila kugusa ukuta. Bi. Zuhura alikuwa mkekani, miguu kainyoosha. Mzee akasimama mbele yake. Yule mama akajifunika mdomo kwa kanga.

Mzee akasema kitu kwa Kimwera, polepole. Bi. Zuhura hakucheka.

Issa alikuwa kando yangu, angeweza kunitafsiria. Sikumwomba. Nikanawa mikono, nikamwita anayefuata.