Harusi Tuliyoililia

Mjukuu wangu Salma,

Salamu kutoka Majengo, hapa Nyeri. Baridi imetushika, lakini tuko. Mama yako ameanza kula kidogo.

Umeuliza kama ni kweli sikutoa chozi jeneza la baba yako lilipotoka nyumbani, na alikuwa mtoto wangu wa pekee. Ni kweli.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru, kila baada ya Idi, wanawake wa Majengo tulikodi basi tukaenda Nairobi, kwa jumba kubwa la sinema lenye pazia jekundu na ngazi za marumaru. Mchana wa Jumatano ulikuwa wa wanawake peke yao. Picha ilikuwa ya Kihindi, na Bi Zuhura, aliyewahi kuwa yaya kwa Wahindi, alitutafsiria kwa sauti.

Mwaka mmoja, mama yangu alikuwa amefiwa na kaka yangu. Nyumbani hakulia, ati atatuvunja moyo. Taa zikazimwa, picha ikaanza, watu wakawa wanacheza harusini. Mama akaangua kilio. Wanawake wakageuka kumtazama.

Bi Zuhura akapaza sauti: "Jamani, huyu bwana harusi anakufa leo!"

Tukalia sote, basi zima, huku bwana harusi akiendelea kucheza.

Jumba lile sasa ni maduka ya simu. Bi Zuhura alishakufa. Machozi niko nayo, Salma. Nimekosa tu mahali pa kuyapeleka, na mtu wa kunidanganyia watu.

Nyanya yako